Kutengeneza Video ya Picha na Muziki kwa OpenShot: Kwa Anayeanza Kabisa

Msimu wa harusi ukikaribia, ujumbe huwa ni ule ule: "Kaka, nina picha 140 za dada, sendofu ni Jumamosi, nifanyeje ziwe video yenye wimbo?" Nimeshajibu mara nyingi kwa vipande vipande, na kila mara nasahau kitu. Leo naandika yote mahali pamoja. Mfano nitakaoutumia ni video ya sendofu, lakini hatua ni zile zile kwa mahafali, kipaimara, arobaini au jubilei ya ndoa ya wazazi.

Kabla hujauliza: Movie Maker, ile programu ya zamani ya video ya Windows, haipo. Microsoft waliacha kuitoa tarehe 10 Januari 2017. Ukikutana na tovuti inayojidai kuigawa bado, halafu mwisho inakudai hela ndipo uhifadhi kazi yako, ifunge. Kama una PowerPoint ya 2010 au ya baadaye, nayo hutoa video, na kwa picha kumi na tano inatosha. Zikiwa sitini zinazotakiwa kuisha pamoja na wimbo, utasumbuka bure.

Programu ninayotumia mimi ni OpenShot. Ni ya bure, haigongi nembo yake juu ya picha zako, inakubali Windows, Mac na Linux, na ukishaipakua haihitaji bando tena. Ichukue openshot.org tu, si kwingine. Majina ya menyu nitayaandika kwa Kiingereza, kama utakavyoyaona kwenye skrini.

Vitu vya kuwa navyo

Kompyuta ya biti 64 yenye RAM ya GB 4 kwenda juu. Kwa GB 4 kazi inakwenda, ila polepole. Kwa GB 8 utapumua. Acha nafasi ya GB 5 hivi kwenye diski.

Picha zenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshakamuliwa, na ile iliyopigwa skrinishoti kutoka kwenye status ni mbaya zaidi. Kwenye simu inapendeza, kwenye projekta ya ukumbi uso unakuwa kama umepakwa uji. Waambie ndugu kwenye kundi la kamati watume kama hati, yaani kwenye kiambatisho wachague "Document" badala ya picha. Hapo inakuja nzima kama ilivyopigwa.

Picha za zamani za karatasi zipitishe kwenye skana kwa dpi 300 (dpi ni nukta kwa inchi, kipimo cha ukali wa picha), na zile ndogo za pasipoti kwa dpi 600. Huna skana? Itoe picha kwenye nailoni ya albamu, ilaze karibu na dirisha mchana, zima flashi ya simu, na ishike simu sambamba na picha. Ukipiga picha ikiwa bado ndani ya nailoni utapata mng'ao katikati ya paji la uso la babu, na hakuna programu itakayouondoa vizuri.

Wimbo uwe faili linaloonekana kwenye kompyuta, MP3 au WAV. Wimbo uliouhifadhi ndani ya programu ya kusikilizia muziki kwenye simu haukokoteki kuletwa huku.

Halafu muda. Tenga saa nne, na mbili kati ya hizo ni za kuchagua picha, si za kugusa programu.

Hesabu ndogo kabla ya kuanza

Hii ndiyo siri ya picha na wimbo kuisha pamoja. Kila picha ikae sekunde 5, na mpito kutoka picha moja kwenda nyingine uchukue sekunde 1. Wakati wa mpito picha mbili hupandiana, kwa hiyo kila picha inakula sekunde 4 tu za wimbo. Wimbo wa dakika 4 una sekunde 240. Gawanya kwa 4: unahitaji picha 60.

Wimbo wa dakika 3 na nusu? Sekunde 210, picha 52 au 53. Wimbo wa taratibu unaotaka picha zikae zaidi, sekunde 7 kila moja? Toa 1 ya mpito, gawanya kwa 6: kwa dakika 4 ni picha 40. Usishuke chini ya sekunde 4 kwa picha. Watu ukumbini wanatafuta sura wanazozijua, na picha ya kundi la watu kumi na wawili haisomeki kwa sekunde 2.

Na tafadhali, usizidishe dakika 6. Ukizidisha, meza za nyuma zinaanza kudai chakula.

Hatua

1. Tengeneza folda moja ndani ya Documents, iite kwa mfano Sendofu. Ndani yake weka folda mbili, Picha na Muziki. Nakili humo kila utakachotumia. OpenShot haimezi picha zako. Inakumbuka tu zilipo. Ukifanyia kazi picha zilizo kwenye flashi kisha ukaichomoa, kesho ukifungua mradi utaambiwa mafaili hayaonekani. Kwa sababu hiyo hiyo, ukishaanza usihamishe wala kubadilisha jina la folda hiyo.

2. Chuja picha. Una 140, wimbo unataka 60, kwa hiyo 80 zinabaki nje na hakuna ujanja. Anza kwa kutoa zenye ukungu, kisha zinazofanana: tukio moja picha moja, mbili zikizidi sana. Picha tano za keki ile ile ya "birthday" hazisemi zaidi ya moja. Panga kwa umri, kuanzia utotoni hadi leo, lakini ile nzuri kuliko zote usiitumie katikati; iweke ya mwisho, ndiyo itakayobaki kichwani.

Sasa hesabu watu, si picha. Pitia orodha ukijiuliza nani hayumo. Upande wa baba ukiwa na picha ishirini na upande wa mama mbili, hutasikia kitu siku ya sherehe. Utasikia kwenye kikao cha kuvunja kamati. Mwonyeshe mtu mmoja wa familia, mmoja tu, mama mkubwa au dada mkubwa wa bibi harusi, akuthibitishie. Atakwambia pia ni picha ipi ina mchumba wa zamani pembeni. Mambo hayo kompyuta haiyajui. Ila ukiirusha orodha kwenye kundi zima la kamati, kila mtu atakuwa mhariri na hutamaliza.

3. Zipe majina yenye namba mbele na neno nyuma: 010-ubatizo, 020-chekechea, 030-na-bibi. Ruka kumikumi ili ukipata picha ya kuchomeka uiite 025 bila kubadilisha zote. Zilizolala ubavu zizungushe sasa hivi kwa programu ya kawaida ya kutazamia picha, kisha uzihifadhi.

4. Fungua OpenShot na uchague ukubwa wa video kwenye "Choose Profile". Kompyuta ikiwa na nguvu chukua HD 1080p 30 fps. Ikiwa dhaifu, HD 720p 30 fps inatosha kabisa kwa projekta nyingi za ukumbini. Kisha, kabla ya kuweka hata picha moja, bonyeza Ctrl+S, uupe mradi jina na uuhifadhi ndani ya folda ya Sendofu. Faili la mradi huishia na .osp. Rudia Ctrl+S kila baada ya hatua. Umeme wetu unaujua.

5. Ingiza picha na wimbo kwa "Import Files" kwenye menyu ya File. Hapa kuna mtego. Picha zikiwa na majina ya namba tupu zinazofuatana, 001, 002, 003, programu inaweza kukuuliza kama uziingize kama "image sequence". Jibu No. Ukijibu Yes inazichukulia kama fremu za filamu na kuzipitisha 30 kwa sekunde. Kazi yangu ya kwanza nilijibu Yes kwa kutosoma, picha sitini zikaisha kwa sekunde mbili, na nikashinda mchana mzima nikiilaumu kompyuta.

6. Weka wimbo kwanza. Uburute kutoka kwenye "Project Files" hadi kwenye traki ya chini kabisa ya mstari wa muda (eneo la chini ya skrini; traki ni zile safu zake), uanze sekunde 0. Kwa nini chini? Traki ya juu hufunika ya chini, na baadhi ya MP3 zina picha ya jalada ndani yake, ambayo inaweza kujitokeza na kuziba picha zako. Wimbo ukiwa mrefu kuliko unavyotaka, shika ukingo wake wa kulia uuvute kurudi nyuma, ila ukatie mwisho wa kiitikio, si katikati ya neno. Kisha bofya kulia juu ya wimbo, nenda "Volume", chagua mwisho wa klipu (yaani kipande hicho cha wimbo) ufifie taratibu, "Fade Out (Slow)". Wimbo unaokatika ghafla huwafanya watu wageuke kumtazama DJ.

7. Sasa picha. Bofya moja ndani ya "Project Files", kisha zichague zote kwa Ctrl, wimbo usiuchague. Bofya kulia, chagua "Add to Timeline". Dirisha litafunguka lenye orodha ya picha upande mmoja na mipangilio upande mwingine. Hapa ndipo kazi yote inapofanyika, usiharakishe.

Hakikisha orodha imefuata namba zako. Kuna vitufe vya kupandisha na kushusha picha. Kipo pia kitufe cha kuchanganya ovyo. Usikiguse, la sivyo bibi harusi atamaliza chuo kabla ya kubatizwa. Muda wa kuanza uwe 0, na traki iwe ya juu ya ile ya wimbo. Muda wa picha uandike 5, maana OpenShot yenyewe hupendelea 10. Kwenye "Transition" chagua Fade, urefu wake 1. Usichague Random: mipito ipo mingi, ya duara, ya mistari, ya madoa, na picha ya marehemu baba ikipasuka kama fataki ukumbini utatamani kujificha chini ya meza. Ile sehemu nyingine inayoitwa "Fade" iache None, kwa sababu mpito tayari unafanya kazi hiyo na ukiweka vyote viwili picha zitakuwa zinazama gizani kila mara.

"Zoom" ni hiari. Inaipa picha uhai kidogo, lakini inavuta picha kuelekea katikati, na kwenye picha iliyobana vichwa vitakatwa. Mimi huiacha None kwa video ya watu na kuitumia kwa mandhari. Bonyeza OK, subiri, picha zote zitajipanga.

8. Tazama mwanzo hadi mwisho. Video ikisitasita wakati wa kutazama hapa, usihangaike. Hiyo ni kompyuta kuelemewa, na video utakayotoa mwishoni itakwenda sawa. Angalia picha ya mwisho inaishia wapi ukilinganisha na wimbo. Ikipungua sekunde mbili tatu, vuta ukingo wa picha ya mwisho ikae zaidi, inapendeza hivyo. Lakini usirefushe picha ya katikati kwa kuvuta ukingo wake: zilizo mbele yake hazisogei zenyewe, utaishia na picha zilizopandiana vibaya. Ukizisogeza kwa mkono na kuacha upenyo, upenyo huo utaonekana kama giza la ghafla.

9. Picha za wima zitakuwa na weusi pembeni. Ni kawaida. Usijaribu kuuondoa kwa kubadilisha "Scale" kuwa Stretch, kwa sababu kila mtu atanenepa. Kama weusi unakukera kwa picha moja mbili muhimu, weka nakala ya picha ile ile kwenye traki ya chini yake, "Scale" iwe Crop, na uiburutie athari ya Blur. Picha itakaa juu ya kivuli chake yenyewe. Usifanye hivyo kwa picha zote 60.

10. Maandishi ukiyataka, fungua menyu ya "Title", chagua mtindo, andika, hifadhi, kisha yaburute kwenye traki ya juu kabisa. Jina mwanzoni na tarehe mwishoni vinatosha. Soma jina herufi kwa herufi. Nimewahi kuona "Rehma" ikioneshwa mbele ya ukoo mzima wa Rehema.

11. Toa video kwa Ctrl+E. Taja jina, chagua ihifadhiwe wapi, "Target" iwe MP4 (h.264), na "Video Profile" iwe ile uliyoichagua hatua ya 4. Ubora wa Med unafaa kwa kazi nyingi. Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, video ya dakika 4 inafika MB 150 hivi. Bonyeza "Export Video", nenda kanywe chai, usifungue kivinjari chenye kurasa ishirini wakati inahangaika. Kumbuka: faili la .osp si video. Kila mwaka kuna mtu anayepeleka .osp ukumbini kwenye flashi, halina hata picha moja ndani yake.

Kabla ya siku yenyewe

Jaribu video kwenye vifaa vile vile vitakavyotumika, si kwenye kompyuta yako tu. Kama projekta ya ukumbi inapokea VGA, kebo hiyo haibebi sauti hata kidogo. Utahitaji waya mwingine kutoka tundu la earphone la kompyuta hadi kwenye mixer ya DJ. Hili peke yake limeaibisha watu wengi kuliko makosa yote ya programu. Kama ni televisheni yenye tundu la USB, flashi iwe ya mfumo wa FAT32, kwa sababu televisheni nyingi husoma huo bila matatizo. Hauzidishi GB 4 kwa faili moja, na video yako iko mbali na hapo. Beba nakala mbili, flashi moja kwako na nyingine kwa MC.

Ukitaka kuipandisha YouTube baadaye, ujue mfumo wao wa Content ID hutambua nyimbo zilizosajiliwa. Wimbo unaweza kuzuiwa, au matangazo yakawekwa kwa faida ya mwenye wimbo. Kwa nakala ya mtandaoni badilisha muziki, chukua ule wa bure ulio kwenye Audio Library ndani ya YouTube Studio. Kutuma kwa WhatsApp, itume kama hati, inaruhusu hadi GB 2. Ukituma kama video ya kawaida itakamuliwa kama zile picha ulizokataa mwanzoni.

Mambo yakikwama

Wimbo hausikiki kwenye video iliyotolewa. Fungua video kwenye programu nyingine kama VLC. Ikisikika huko, tatizo ni kichezeo. Isiposikika, rudi kwenye mradi utazame kama sauti ya klipu haijashushwa, na kama kwenye dirisha la kutoa video hukuchagua video peke yake bila sauti.

Mradi unasema mafaili yamepotea. Umehamisha folda. Irudishe ilipokuwa, au ukiulizwa, ielekeze programu kwenye folda mpya.

Kutoa video kunaganda njiani kila mara mahali pale pale. Mara nyingi ni picha moja iliyoharibika au kubwa mno. Angalia asilimia ilipokwama, kadiria ni picha ya ngapi, iondoe, jaribu tena. Kwenye kompyuta yenye GB 4 za RAM, punguza kwanza picha zote ziwe na upana wa pikseli 1920. Picha ya simu ya pikseli 4000 haikuongezei chochote kwenye video ya 1080p, inailemea kompyuta tu.

Wimbo umeisha, picha zinaendelea kimya. Umekosea hesabu au umeacha muda wa sekunde 10. Usizifupishe moja moja. Futa picha zote kwenye mstari wa muda, wimbo uache, rudia hatua ya 7. Ni dakika mbili.

Shangazi amepiga simu usiku wa kuamkia sherehe, anataka picha yake iingie. Ndiyo maana hufuti folda ya mradi hadi sherehe ipite. Usiongeze picha, badilisha: tafuta moja isiyo na mwenyewe, iondoe, weka ya shangazi kwenye nafasi ile ile kwa sekunde zile zile, urudishe mipito ya pande zote mbili, kisha utoe video upya kwa jina jipya. Ile ya zamani iache kwenye flashi mpaka umeitazama mpya mwanzo hadi mwisho.